Jumapili za Awasi

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika ofisini saa kumi na mbili asubuhi. Mlinzi bado anapiga mswaki. Kila Jumatatu ni hivi, miaka tisa sasa. Natoa mauzo ya wiki kwenye hifadhidata, dipo moja moja, Mamboleo, Otonglo, Awasi. Nayamwaga kwenye jedwali langu, narekebisha panapotaka kurekebishwa, nachapisha. Saa mbili karatasi iko mezani kwa mkurugenzi, Bwana Odera. Magunia mangapi ya chakula cha kuku, mangapi ya ng'ombe, dipo gani imelala.

Leo ameichukua bila kuitazama. Akasema kampuni itanunua programu ya kutengeneza ripoti. Itasoma hifadhidata yenyewe na kututumia ripoti kwa simu. Kamati ya kuchagua ni watu wawili, mimi na Sharon. Sharon ndiye mwenyekiti.

Sharon ana miezi minne hapa. Ni mimi nilimwonyesha mahali majani ya chai hukaa.

Jumanne, 4 Machi

Nina wivu. Heri niandike hapa kuliko kujifanya.

Amepewa kile kiti cha magurudumu, kando ya dirisha. Mimi nimekiomba tangu mgongo uanze kuniuma. Hakukiomba, alipewa tu. Ana miaka ishirini na sita, mgongo wake una shida gani?

Alhamisi, 6 Machi

Wauzaji wawili wamekuja kuonyesha programu zao. Programu zenyewe zina majina marefu, mimi naziita Ya Bluu na Ya Kijani kwa sababu ya rangi zao. Wa Ya Kijani alivaa viatu vilivyochongoka, akaongea saa nzima bila kunywa maji. Michoro ilipanda na kushuka. Kila kitu kilienda sawa kwa sababu data ilikuwa yake mwenyewe, ya duka fulani la viatu lisilokuwepo.

Sharon alimwacha amalize. Kisha akasema, "Asante. Sasa tuonyeshe na data yetu."

Jamaa akafungua mkoba wake, akaufunga tena. Bwana Odera alicheka mpaka akashika meza.

Mimi sikuwa nimewazia hilo. Hiyo ndiyo imeniuma, si kiti.

Ijumaa, 7 Machi

Sharon ameandaa karatasi ya alama. Inafungua haraka au polepole. Mtandao ukipotea inafanya nini. Nani anaruhusiwa kuona nini. Je, mtu wa dipo ambaye hajasomea kompyuta ataielewa? Kila swali alama kumi. Maswali mazuri, shida ni hiyo. Programu zote mbili nimezipa alama tatu kila mahali. Akaja mezani kwangu na ile sauti yake ya upole. "Auntie, tatu kwa kila kitu? Hata rangi?"

Mimi si auntie yake. Hatuna hata ukoo, yeye ni wa Vihiga, mimi nyumbani ni Seme.

Jumatatu, 10 Machi

Karatasi yangu imetoka saa mbili kama kawaida. Bwana Odera ameuliza, "Ile ya Sharon itakuwa tayari lini?" Ya Sharon. Haijanunuliwa hata, tayari ina mwenyewe.

Mzee Joash amenitumia njugu kwa lori la Awasi. Ndiye karani wa dipo ya Awasi. Kwenye karatasi ya nailoni ameandika kwa kalamu: *Nyamera, za chai.* Dada yangu, ndivyo huniita, tangu mwaka wa kwanza. Nimeficha kwenye droo nisije nikamgawia mtu.

Jumatano, 12 Machi

Ya Kijani imeanguka. Mtandao ukikatika inaganda kabisa, na hapa kwetu mvua ikipiga vilima vya Kajulu tu mtandao unaenda. Imebaki Ya Bluu. Sharon ameiunganisha na hifadhidata yetu kwa siku moja. Nilikuwa nimemwambia itachukua mwezi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegundua kitu leo nikila omena kule kantini. Nikaacha kutafuna.

Ya Bluu haijui habari ya Jumapili za Awasi.

Niandike vizuri nisije nikajichanganya. Mzee Joash ni Msabato. Jumamosi hashiki kazi, na hatashika hata ukimfukuza. Lakini Jumamosi ndiyo siku Awasi inauza sana. Kwa hiyo msaidizi wake, Mama Awuor, ndiye huuza siku hiyo, anaandika kwa kitabu cha kaunta. Jumapili dipo imefungwa, Joash anaingia peke yake na ufunguo wake, anahamisha kitabu kwenye kompyuta. Hifadhidata inaweka tarehe ya siku aliyoandika. Jumamosi ya Awasi inabaki sufuri, Jumapili inajaa.

Kila Jumatatu mimi huirudisha Jumapili kwenye Jumamosi kwa mkono. Dakika mbili. Tulikubaliana mimi na yeye, na mkurugenzi wa zamani, marehemu, akaitikia kwa kichwa. Haijaandikwa mahali. Bwana Odera alipoingia sikuona haja ya kumwambia.

Jumatano Sharon anaonyesha Ya Bluu mbele ya wakuu wote. Ya Awasi itatoka vichekesho. Nami nitasimama niseme, mnaona, mashine haijui kazi yetu.

Sisemi kitu. Wacha aanguke mbele ya watu.

Jumapili, 16 Machi

Nimetoka kanisani, nimefua, nimelala mchana. Nina furaha ambayo si nzuri. Naijua na sijaifukuza.

Jumatano, 19 Machi

Sijui nianzie wapi.

Sharon alisimama na blauzi nyeupe. Mamboleo sawa, Otonglo sawa. Akafungua Awasi. Jumamosi hakuna kitu, wiki baada ya wiki. Jumapili mnara. Nikavuta pumzi nianze kuongea, maneno niliyapanga tangu Ijumaa.

Bwana Odera akanitangulia. "Awasi hatufungui Jumapili. Huyu Joash anamuuzia nani na geti imefungwa?"

Mmoja akasema huenda programu imekosea. Bwana Odera akatikisa kichwa. "Hii mashine haina ukoo na mtu. Imesoma kilichoko. Anayecheza ni binadamu."

Sikuwa nimefikiria hivyo kamwe. Nilidhani wataicheka programu. Wameiamini, wamemshuku mtu.

Akanigeukia. "Madam Nereah, mbona ripoti zako hazijawahi kuonyesha hii?"

Wote walinitazama. Ningesema pale pale. Lakini kusema ni kukiri kwamba nimekuwa nikihamisha tarehe kwa mkono miaka tisa, na kwamba nilijua tangu Ijumaa nikamwacha Sharon aje hapa. Mdomo ukasema, "Nitaangalia."

Bwana Odera alipiga simu mbele yetu. Mzee Joash ampe Mama Awuor ufunguo, akae nyumbani mpaka aitwe. Amebakisha mwaka mmoja na nusu astaafu.

Sharon ndiye aliyefunga laptopu. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda.

Alhamisi, 20 Machi

Joash amenipigia saa nne. Hakuwa na hasira. "Nyamera, mkurugenzi amekataa kunisikiza, anasema nitunge hadithi ingine. Waambie tu ule mpango wetu. Wewe wakikusikia itaisha."

Nikamwambia nitasema. Akanishukuru. Akauliza mgongo unaendeleaje.

Sikusema. Bwana Odera alikuwa na wageni, halafu alikuwa kwa simu, halafu alikuwa peke yake na mlango wazi, nikapita mara mbili.

Ijumaa, 21 Machi

Sharon alileta chai mpaka mezani kwangu. Akavuta kile kiti chake, akakaa. "Auntie, kuna kitu sioni huko Awasi. Jumla ya mwezi inalingana na stoo, gunia kwa gunia. Mwizi huwa haachi hesabu sawa. Wewe unawajua hawa watu. Nisaidie."

Tayari ameona nusu. Siku mbili tu. Mimi nilihitaji Joash anielezee. Badala ya kufurahia kwamba mzee ataokoka, wivu ulinirudia. Nikamjibu, "Mimi ni mtu wa karatasi. Uliza programu yako."

Alichukua kikombe chake akaenda.

Mimi ni mtu mbaya wiki hii. Sina neno lingine.

Jumapili, 23 Machi

Sikuweza kuimba kanisani. Jana Joash alikuwa kwa kanisa lake, nina hakika, amevaa ile koti ya kahawia, na watu wa Awasi wanajua. Awasi ni ndogo. Karani aliyenyang'anywa ufunguo hahitaji kutangazwa. Wanamuuliza binti yake sokoni.

Ameitetea Sabato yake miaka yote kwa kufanya kazi Jumapili bila kulipwa, ili nisikose namba za Jumatatu. Zangu. Namba zangu zilikuwa nzuri kwa sababu yake.

Kesho nasema. Nimeandika kwa wino.

Jumatatu, 24 Machi

Nimesema.

Sikutengeneza karatasi kwanza. Nilingoja mlangoni kwa Bwana Odera tangu saa moja. Nilieleza yote, nimesimama. Joash, Mama Awuor, kitabu cha kaunta, dakika zangu mbili. Akasikiliza bila kunikatiza, hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Miaka tisa. Na hukuandika mahali hata moja?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema nilisahau. Nilimwambia ukweli, kwamba nilipenda kuwa mtu pekee anayejua. Akanitazama sana. Akaniuliza kama Jumatano nilijua. Nikasema nilijua.

Hakupiga kelele. Aliniambia nikamweleze Sharon, kisha nirudi kwa kazi yangu, kama bado ninaijua ni ipi.

Sharon alinisikiliza akiandika. Nilitegemea aninunie, ningepumua. Akasema tu, "Kwa hivyo tunahitaji tarehe mbili. Siku ya kuuza, na siku ya kuandika." Akaanza. Kufikia saa sita alikuwa amemaliza. Karani atachagua mwenyewe siku ya kuuza, hifadhidata itaweka ile nyingine. Awasi ikasimama wima kwenye kioo, Jumamosi ndefu, Jumapili tupu, vile nimekuwa nikiitengeneza miaka tisa.

Kitu rahisi hivyo. Ningeomba kifanywe mwaka wa kwanza. Sikuomba.

Jumatano, 26 Machi

Joash amerudishiwa ufunguo jana. Leo Bwana Odera amewaambia wafanyakazi wote kwamba uchunguzi wa Sharon umesafisha jina la Mzee Joash, na kwamba Ya Bluu imenunuliwa. Makofi. Jina langu halikutajwa, kwa wema wala kwa ubaya. Nadhani alinionea huruma.

Sharon aliinua mkono akasema Madam Nereah ndiye alimwonyesha. Bwana Odera akasema, "Sawa, sawa," akaendelea na habari ya malori.

Sipendi kwamba amenitetea. Ningependa awe mbaya kidogo.

Ijumaa, 28 Machi

Nimempigia Joash mara tatu. Ya tatu ameshika. Nikamwomba msamaha, kwa Dholuo, lugha yetu, polepole, sikuacha kitu. Akasema mvua imeanza vizuri upande wao. Akasema kuna wateja, akakata.

Jumatatu, 31 Machi

Nimefika saa kumi na mbili, mazoea. Mlinzi akauliza kuna nini, nikasema hakuna. Nimekaa. Hakukuwa na cha kutoa wala cha kurekebisha. Nimepangusa meza, nimetupa majedwali ya zamani, nimebaki na moja.

Saa mbili kamili simu zote zikalia pamoja. Ripoti. Nimeisoma yote nikitafuta kosa. Hakuna. Ni nzuri kuliko zangu, na bado nina wivu, mdogo sasa, umekaa tu.

Saa tano Mzee Joash aliingia. Ilikuwa zamu yake ya kuleta vitabu makao makuu. Koti ya kahawia. Alikuwa na njugu kwenye nailoni, akaenda nazo moja kwa moja hadi dirishani, akampa Sharon kwa mikono miwili, akamwita nyathina, mtoto wangu. Sharon alisimama, hakujua afanye nini na mikono.

Akapita kwangu akitoka. Nikainuka kumsalimia. Alinipa mkono vizuri, hakuurudisha haraka. Akasema, "Habari yako, Madam."

Nikasema nzuri, Mzee.

Baadaye Sharon alikuja na nusu ya njugu kwenye kisahani, akaiweka kando ya kikombe changu. Nimekula zote. Kesho nitakuja saa mbili, kama wengine.