Ile Jani Nilisema ni ya Athanasie

Basi Mama Mushauri wa radio, unité za simu ziliisha pale nilikuwa nakuelezea vile nilivunja katawi ku clôture yenye kuzunguka nyumba ya bantu kule Sake siku ya ndoa, nikakaficha mu kitenge, juu maua yake ya bleu ilikuwa muzuri kupita hata bibi arusi, nikakapanda hapa Karuba pembeni ya maharagi, kila mama mwenye kupita namuambia ni maua ya Ulaya, na ikapanda, Mama, ikapanda ku miti ya maharagi mpaka nikasema ni maharagi njo inanona vile, nikaalika bamama ya chorale ya kanisa, "Mukuje muone maharagi ya muntu mwenye kusali!", kumbe maharagi ilishakufa zamani mule ndani, siku ya kuvuna nikapata ganda tatu, moja iko na mududu.

Nikakata yote na hasira, ile yenye ilifika ku clôture yangu tu njo niliacha juu ya maua, nikapelekea jirani yangu Athanasie alalishe ndama wake, akanishukuru na maziwa chupa mbili. Kumbe kila kipande inaota! Akatosha mbolea ya ndama akatia mu shamba yake, sasa inatambaa kule kupita hata kwangu, bantu banauliza ilitoka wapi, na mimi kinywa yangu hayina mulango, nikasema, "Si Athanasie aliileta toka kwao Nyamitaba?" Nilisema kwa rafiki yangu Dancille peke yake, Mama, peke yake, na mangaribi chef wa kijiji alikuwa anajua.

Sasa chef ametangaza salongo, ile kazi ya bantu bote, siku ya posho, ile Jumamosi, kijiji muzima na majembe, bang'oe shamba yote ya Athanasie pamoja na maharagi yenye ilibakia, na yeye ni mujane, batoto bane, hana shamba ingine. Na bananiomba mimi niongoze kazi, juu niko na sauti! Naomba tu dawa ya kuua ile jani mbio mbele ya posho, ile maneno ingine itajikwisha ye— ngoja, kuna muntu anaita ku mulango, ni Athanasie mwenyewe, "Mama Christa, niazime jembe!", ninakuj

*Mama Mushauri anajibu:*

Mama Christa, nilicheka, kiisha nikakasirika. Dawa ya kupuliza hayiko. Unachimba pole pole mpaka muzizi yote itoke, unaianika ku mawe ikauke kabisa, unaichoma. Usiikatekate, usiitupe mu mutoni, usipe tena ndama ya muntu. Kila wiki unarudilia, mwaka muzima. Na unaanzia ku clôture yako, na maua yake yote.

Athanasie alikupa maziwa, wewe ukamupa salongo. Na usinidanganye na "Dancille peke yake". Dancille anafika mbali kupita hii radio yetu.

Kwenda kwa chef leo, hapana kesho. Sema mbele ya bantu: ni mimi. Sauti si uko nayo? Kiisha ongoza kweli, bachambue kwa Athanasie na mikono, shina kwa shina, maharagi ibakie imesimama. Bamama ya chorale batakucheka. Bacheke. Ulibaalika bakuje kuona, sasa bataona.

Na ile jembe alikuja kuazima, unazani alikuwa anataka kuifanya nini? Ni kuokoa shamba yake yeye peke yake, mbele ya siku ya posho. Kama ulimupa ukarudi kuikala, simama. Tafuta jembe ingine, umufuate.