Usizime Injini Mteremkoni

Bwera, Jumanne

Kambale mdogo wangu,

Salamu nyingi kwenu huko Butembo. Je, kifua cha shemeji kimetulia? Mimi mzima, ila magoti yanakataa mlima. Simu yako haipatikani tangu Jumapili, ndiyo maana namkabidhi jirani yangu Masika, muuza vitenge, avuke na barua hii mpakani Mpondwe leo, akuletee. Isome kabla hujawapakia wajukuu wetu Jumamosi kuwaleta kwangu.

Jana nilishuka kutoka Mahango, kule mlimani, na Swaibu, dereva wa hapa, lori limejaa magunia ya kahawa. Mteremko ulipoanza, akazima injini.

"Swaibu, unafanya nini?"

"Muzee, mlima inatusukuma bure. Mafuta ya nini?"

"Bure? Na breki je?"

"Wazee munaogopa! Lala, nitakuamsha Kasese."

Hakuna bure pale, Kambale. Gunia lililo juu mlimani lina nishati kwa sababu ya kimo chake, na tukishuka lazima nishati hiyo iende mahali. Injini ikishikwa na gia, hubeba sehemu yake. Ikizimwa, breki hubeba karibu yote, na huigeuza joto. Tena ukishuka kwa dakika kumi badala ya thelathini, mzigo ni uleule, lakini breki zinaupokea mara tatu upesi zaidi. Haziwahi kupoa.

Kona ya tatu nikasikia harufu. Ya nne, moshi. Swaibu akakanyaga, pedali ngumu kama jiwe, maana injini iliyozimwa haiisaidii breki.

"Haishiki, muzee! Haishiki!"

"Funguo! Gia ya tatu! Achia klachi!"

Lori likashtuka, injini ikanguruma, mwendo ukapungua, tukaegemea ukingo wa udongo. Swaibu akashuka, akaweka mawe chini ya magurudumu.

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Hila ile ni mimi niliyekufundisha wewe, miaka ile mafuta yalipokuwa adimu, na mpaka leo unajisifu nayo. Gari letu lilikuwa dogo, nasi tulikuwa na bahati tu. Nilikufundisha vibaya. Nisamehe.

Wajukuu hao sijamwona hata mmoja. Lakini kama utateremka kuelekea mto Semuliki huku umezima injini, waache hukohuko. Afadhali niendelee kuwajua kwa picha.

Nisalimie dada yetu mkubwa na baba mkwe wako. Shemeji mwambie akae mbele nawe, asikilize injini. Ikinyamaza, apige kelele bila kukuonea haya.

Ni mimi kaka yako,
Paluku