Meli Waliyoitoa Majini

Sydenham, Jumanne usiku

Tangu jioni sikai, sisimami. Eish, huyu mdogo wangu Neema na picha zake za Stockholm! Iko meli nzima ya mbao ndani ya makumbusho. Ilizama siku ya kwanza ya safari, wakaitoa majini baada ya karne tatu.

"Yaya, hata viatu vya mabaharia walivipata!" aliniambia mimi mkubwa wake kwenye simu, akicheka.

Mama alikuwa pembeni, anasikiliza. Tangu mashua aliyopanda Papa, baba yetu, izame ziwani Tanganyika, amekataa tukae matanga, kwa sababu maiti haikuonekana.

"Muulize," akaninong'oneza, "hao watu walioitoa meli wanaweza kufika kwetu, ziwani?"

Nilikata simu, nikamwambia laini imepotea.

Bado ameishika simu yangu, anangoja laini irudi.