Shingo ya Ishaq

Mombasa, 9 Mei 1967

Kaka Harub,

Assalaam alaykum. Mimi na binti yangu Hind wazima wa mwili. Hali yako sikuulizi. Umeniandikia kwamba mume wangu Marhoon, aliyetangulia huko kututafutia makazi, amekufa kwa bunduki za furaha harusini, ukanyamaza. Yaliyobaki nimeyasikia kwa wasafiri. Wanasema waliopigwa ni wawili, na wewe ndiye uliyekuja na gari ya spitali, na machela ilikuwa moja. Ukambeba Ishaq, mtu baki, ukamwacha shemeji yako ameegemea ukuta. Kweli au uongo?

Mahfoudha, mjane wa Marhoon

Matrah, 20 Juni 1967

Mdogo wangu Mahfoudha,

Wa alaykum salaam. Alhamdulillahi kwa uzima wenu. Ni kweli. Ishaq alipigwa ya shingo, damu inaruka, kanishika shati hawezi kusema. Marhoon alipigwa ya paja, tundu dogo, damu kidogo. Nikamfunga. Akanambia, "Shemeji, mchukue huyo, mimi nnamaliza kahawa yangu." Niliporudi na gari, alikuwa keshapoa. Risasi ilipanda tumboni, damu ikamwagikia ndani. Ishaq, ambaye daktari alimkatia tamaa, alitoka spitali kwa miguu yake.

Kazi hii nnaifanya tangu Unguja. Nimemuona askari ana risasi ya kichwa ananiomba tumbaku, na mwengine aliyepigwa begani akafa sijafungua mkoba. Ningeitwa leo, ningembeba Ishaq tena. Kwa hilo sikuombi radhi.

Kaka yako,
Harub

Mombasa, 2 Agosti 1967

Harub,

Salamu zako zimefika. Ati kakushika shati! Marhoon angelijua, naye angelikushika. Kosa lake hakulia. Mtu yule hata jino likimuuma hasemi, nani nyumbani kwetu asiyejua? Umekula naye sahani moja miaka yote, ukamwamini aliposema mzima! Usiniandikie tena.

Mahfoudha

Matrah, 11 Septemba 1970

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Nakuombeeni afya. Barua zangu zote zimerudi hazijafunguliwa. Hii nampa msafiri akutie mkononi. Njia zimefunguka, wenzetu waliokuwa wakizuiliwa sasa wanaruhusiwa kurudi huku kwenye nchi ya wazee wetu. Nimeshakushughulikieni ruhusa wewe na Hind. Nyumba ipo. Njoo unitukane uso kwa uso.

Kaka yako,
Harub

Matrah, 28 Desemba 1970

Harub,

Wa alaykum salaam. Tumeshuka salama. Tumefikia kwa mama yake Ishaq, kwako hatuji, wala usije kugonga mlango.

Nilitaka kuiona hiyo shingo. Nimeiona. Sauti imekwenda, uji anaumeza kwa tabu, ukitaka kumsikia umtegee sikio mdomoni. Nilikuja na maneno makali niliyoyapanga tangu Mombasa. Akaninong'oneza, "Kabla gari haijaja, mumeo ndiye aliyeniziba damu kwa kilemba chake. Mwenyewe keshapigwa, na mkono hakuutoa." Hili hukuniandikia. Labda hukulijua, ulifika ukaangalia damu iko wapi nyingi.

Nilitaka nimchukie Ishaq, nikashindwa. Wewe bado nnaweza.

Hind anamtaka mjomba wake. Ijumaa baada ya sala nitamleta mpaka mlango wa soko. Mpokee wewe mwenyewe, usitume mtu. Mimi nitasimama ng'ambo ya njia, na usinisalimie.

Mama Hind