Ratili Mbili za Maji

Jumatatu, 5 Februari 1968
Mizani ya majani chai imefunguliwa saa nane. Jua kali, majani machache. Nimetoa ratili mbili za maji kwenye uzito wa kila kikapu, kama kawaida. Lori la kiwanda limechelewa tena.

Naibu wa chifu amepita kituoni. Anataka niende darasa la watu wazima la Mwalimu Koech, Jumamosi kanisani, niandike anayosema na majina ya wanaokuja. Anasema mimi nimefika kidato cha nne, tena ni Mkisii, sina ndugu hapa wa kunilegeza. Nimekubali. Huyo mwalimu simwamini. Nani anafundisha watu wazima bure?

Jumamosi, 10 Februari
Watu kumi na mmoja, mimi wa kumi na mbili. Majina nimeyaandika yote. Somo: falsafa ya siasa. Nilingoja atukane serikali au amsifu mgombea fulani. Wapi. Aliuliza kwa nini tunatii. Ni woga, ni mazoea, au tumeona ni haki? Mzee mmoja akasema siasa ni kiti tu. Mwalimu akajibu kwamba kupigania kiti ni kazi ya wanasiasa. Sisi tuulize kiti ni cha nini, na aliyekikalia anatudai utii kwa sababu gani. Akafunga somo.

Sikupenda. Anayeuliza bila kujibu ana jibu amelificha. Shuleni tulisoma katiba, tukafanya mtihani, tukapita. Hii inampitisha mtu wapi?

Jumanne, 13 Februari
Nimempelekea naibu wa chifu karatasi mbili, moja ya maswali, moja ya majina. Ya maswali hakuisoma. Ya majina aliisoma mara mbili. "Nani anamtuma huyo mwalimu?" Nikasema sijaona mtu. "Angalia vizuri, karani."

Nimerudi nikijiuliza kama kuna mwingine anayeniandika mimi.

Alhamisi, 15 Februari
Aibu kwenye mizani. Bot Kibet, yaani mama Kibet kwa lugha yao, yule mjane aliyeketi karibu na mlango darasani, alileta ratili thelathini na moja. Nikaandika ishirini na tisa. Akasema kwa sauti, "Karani, Mungu ametunyima mvua tangu Krismasi. Hayo maji yako unayatoa wapi?"
"Ameyaficha kwa koti!" mwingine akadakia. Foleni nzima ikacheka.
Nikasema ni sheria. Ya nani? Ya kiwanda. "Umeiona?"
Nilikasirika. Nikamwambia asilete maneno ya mwalimu kwenye mizani.
"Mwalimu hajui hata kuchuna chai. Haya ni yangu."

Ijumaa, 16 Februari
Nimepekua faili ya kituo yote. Agizo lipo: ratili mbili zitolewe majani yakiwa yamelowa. Yakiwa yamelowa. Karani aliyenitangulia alitoa kila siku, mvua au jua, nami nikashika hivyo hivyo. Miaka miwili nimewatawala akina mama hawa kwa sheria ambayo haipo. Hakuna aliyenilazimisha. Sikuuliza.

Jumamosi, 17 Februari
Kanisa lina kufuli. Mwalimu amehamishwa upande wa Ndanai, ameondoka asubuhi na sanduku lake. Watu walikuwa wameketi kwenye nyasi. Nilitaka kupita. Bot Kibet akaniita.
"Sisi kumi na mmoja tumeitwa kwa chifu kuhojiwa. Wewe je?"
Sikuitwa. Hakuna aliyecheka safari hii.
Akasogea, akanipa nafasi. "Wewe ndiwe mwenye maswali kwa daftari, karani. Tusomee."
Nikasoma. Walibishana hadi saa kumi na moja, kuhusu mizani, kuhusu chifu, kuhusu nani awe kwenye kamati ya kituo. Mwalimu hakuwepo wa kuwatuma. Jibu alilolificha nimelitafuta, silioni.
Majina sikuandika.

Jumatatu, 19 Februari
Mjumbe wa naibu wa chifu amekuja kuchukua orodha ya Jumamosi. Nimemwambia sina, na sitaandika nyingine. Amesema atafikisha hivyo. Nimeweka cheti changu cha shule kwenye begi, ikiwa nitafukuzwa.

Jua. Majani makavu. Kikapu cha Bot Kibet, ratili ishirini na sita. Nimeandika ishirini na sita. Aliangalia daftari, akaniangalia mimi, akachukua kikapu chake.

Ratili zake za miaka miwili hajaziuliza bado.