Kadi Iliyoleta Umbali

Nyahanga, Kahama. Jumapili jioni, Novemba 1998.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile ya taratibu isiyo na radi, na umeme haujakatika hata mara moja. Naliandika hili kwanza kwa sababu bila umeme nisingekuwa na la kuandika leo.

Kucha zangu bado zina vumbi la ndani ya kompyuta. Nimenawa, halijatoka lote. Wala sina haraka litoke.

Nianzie Alhamisi.

Kompyuta yenyewe ni kuukuu. Niliinunua wakati kambi ya watafiti wa dhahabu ilipofungwa, kule nilikokuwa katibu muhtasi. Walipokuwa wanaondoka waliuza kila kitu, vitanda, majiko, hadi mabuti ya mvua, na mimi nikaomba kompyuta niliyokuwa naitumia kwa kuwa nilishazoea kelele zake. Ndiyo iliyonifungulia kiofisi changu cha kuchapa hapa chumba cha mbele. Nachapa barua za wakulima wa tumbaku wa Ushetu, kadi za harusi, maombi ya kazi, mikataba ya wanunuzi wa dhahabu wasiopenda mwandiko wao uonekane. Na ndani yake mtaalamu mmoja wa miamba alikuwa ameacha gemu ya kurusha ndege.

Gemu hiyo ni ya mume wangu sasa.

Masanja alikuwa mchimbaji upande wa Geita. Mwaka juzi duara lao, yaani lile shimo refu la kuchimbia, lilititia yeye akiwa chini. Wenzake walichimba mpaka wakamfikia. Alitoka hai, mgongo umeumia, na mguu mmoja haukurudi kuwa ulivyokuwa. Anatembea kwa magongo. Anapika, anafua akiwa amekaa, anawapokea wateja wangu kwa adabu kunishinda mimi. Lakini habari za siku ile hajanisimulia hata sentensi moja. Nikimuuliza anasema, "Yalishapita, Mama Neema," halafu anakumbuka kitu cha kufanya jikoni.

Nikimaliza kuchapa, yeye anakalia kiti changu na kurusha ndege. Ardhi ya gemu ile ni kama kitambaa kimoja cha kijani kilichotandazwa. Milima ni pembetatu tupu. Mawingu hayapo. Picha zinakwamakwama kama mtu mwenye kwikwi. Hajawahi kulalamika.

Mimi ndiye niliyekuwa nalalamika moyoni. Nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma: nilitamani kuona. Dukani kwa Mama Jyoti kuna magazeti ya kompyuta yanayotoka kwa ndugu zao, na katika mojawapo niliona picha ya gemu ya ndege ikiwa juu ya ziwa, maji yanang'aa kwa jua. Nilidhani ni picha ya kamera. Nilipoambiwa ni kompyuta inachora, nililishika gazeti lile hadi Mama Jyoti akaniambia nilichukue tu.

Mama Jyoti na mumewe wana duka la redio na vifaa vya umeme mjini. Mpwa wake, Nilesh, anauza kompyuta Dar es Salaam. Nilimwomba Mama Jyoti amuulize kama mashine ya umri wa yangu inaweza kuwekewa kadi mpya ya picha, kile kibao cha ndani kinachochora kila kitu tunachokiona kwenye skrini. Nilesh akajibu kwa kutuma kadi mbili kwa treni hadi Isaka. Nichague moja, nyingine irudi. Akiba yangu inatosha moja.

Alhamisi zilikuwa juu ya kaunta. Boksi la bluu na boksi jeusi. Mama Jyoti akampigia simu Nilesh, akanipa mkonga.

"Shikamoo mama," akasema. Sauti ya kijana mwenye haraka.

"Marahaba. Hebu nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu."

"Hiyo ya bluu unatoa kadi ya zamani, unaiweka yenyewe. Herufi zako zitakuwa kali, rangi nyingi, macho hayatauma. Kadi za harusi utazifurahia."

"Na hii nyeusi?"

"Hiyo haijui kuandika hata herufi moja. Ya zamani unaiacha mahali pake, hiyo unaiweka jirani, unaziunganisha kwa waya mfupi kwa nyuma. Ukifungua gemu inaamka. Ukifunga gemu inalala. Kazi yake ni umbali tu."

"Umbali?"

"Inajua kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, mama. Cha mbali inakififisha, cha karibu inakileta. Mwanga inaujua unatoka wapi."

Nikamuuliza kwenye gemu ya ndege ipi ni nzuri zaidi. Akasema hapo hakuna kulinganisha. Lakini akaongeza kwamba kwa mtu anayekula kwa kuchapa, angekuwa ni mama yake angemwambia achukue ya bluu.

Mama Jyoti alikuwa amesikia yote. Akaniambia, "Mama Neema, wateja wako hawarushi ndege."

Nilicheka hadi nikaona aibu. Alikuwa amesema kweli.

Nilesh alinitaka kwanza nifungue kompyuta nione kama ndani kuna nafasi tupu ya kuchomekea, maana hiyo nyeusi inahitaji ya kwake peke yake. Ijumaa mchana nikaizima mashine, nikachomoa waya wote, nikashika bisibisi. Masanja akakaa karibu akizipokea skrubu kiganjani. Nusu yangu ilikuwa inaomba nafasi isiwepo, ili uamuzi ufanywe na kompyuta yenyewe.

Nafasi ilikuwepo. Buibui mkavu alikuwa amelala juu yake.

Nilikaa kuangalia yale yaliyomo ndani. Miaka yote nimechapa juu ya kitu hiki bila kujua kwamba mna kama mji mdogo, vijia vya dhahabu vinapita kijani kibichi, vingine vyembamba kuliko unywele wa mtoto. Masanja aliinama, akavitazama vijia vile kwa muda.

"Hii ni dhahabu yenyewe?"

Nikamwambia nimesikia wanaipaka kidogo sana.

"Kumbe inaishia humu," akasema.

Nilimweleza kuhusu kadi mbili. Hakufikiria hata kidogo. "Chukua ya kazi. Mimi milima yangu ya pembetatu inanitosha." Akaninyooshea skrubu nifunge.

Nikakubaliana naye. Nililala nimekubaliana naye kabisa.

Jana asubuhi, kabla sijaenda mjini, nilikuwa napanga karatasi mezani naye akirusha ndege. Akaanza kutua. Nimemwona akitua mara nyingi, lakini mara zote nilikuwa naangalia skrini. Jana nilimwangalia yeye. Kwa kuwa ardhi ile ni kitambaa kimoja kisicho na mbali wala karibu, hakuna mtu anayeweza kujua imebaki kiasi gani. Inakuwa mbali, inakuwa mbali, halafu ghafla ni hii hapa usoni. Ndege ilipogonga, Masanja aliruka kitini na mikono yote miwili ikaenda kichwani, viwiko vimebanwa, kama mtu anayeangukiwa na kitu kutoka juu.

Kisha akaishusha mikono polepole, akaanza upya, kama vile hakuna kilichotokea.

Ndipo nilipoelewa kwamba huwa inamtokea kila anapotua. Na bado kila siku anarudi kujaribu.

Nilipofika dukani Mama Jyoti alikuwa ameshafunga boksi la bluu kwenye karatasi. Nikamwambia naomba jeusi. Alinitazama usoni. Alilichukua lile jeusi, akalifunga vizuri kuliko lile la kwanza, akanisindikiza mpaka mlangoni. "Ikikataa, ulete," akasema. "Usikae nayo kwa aibu."

Masanja alipoliona boksi alilipokea, akaliweka mezani. Sijui kama alikasirika.

Leo baada ya kanisa tukaanza. Nilikuwa naogopa kweli. Kompyuta hii ndiyo unga wetu, na ni mimi niliyekuwa nasukuma kitu ndani yake kwa nguvu kuliko nilivyodhani inafaa. Nilishika bati la kasha kwanza kama Nilesh alivyoniagiza, ili mwili wangu usiitie shoti kadi. Nikakandamiza. Kadi ikaingia kwa mlio wa kitu kilichovunjika, lakini hakuna kilichovunjika. Nikaunganisha ule waya mfupi, nikawasha.

Skrini nyeusi.

Feni inazunguka, taa ya kijani inawaka, skrini nyeusi kama sufuria. Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nawaona watu wa tumbaku wakija kesho na karatasi zao, nami sina cha kuwaambia.

Masanja aliyaegemeza magongo ukutani, akashikilia meza, akajishusha taratibu hadi nyuma ya kompyuta. Ilimchukua muda na ilimuuma, niliona shingoni. Akapapasa nyuma kule kwa vidole bila kuangalia. "Huu waya haujakaa," akasema, akausukuma, akakaza vile viskrubu vyake viwili. Picha ikaja.

Ndani ya boksi mlikuwa na sidii yenye gemu mpya ya ndege. Nikaiweka. Mashine ilikoroma sana ikinakili, nikapika chai, tukanywa, bado inakoroma. Mwisho skrini ikazimika, kitu ndani kikalia tik, na ikawaka tena.

Sijui niandikeje.

Kulikuwa na asubuhi. Siyo picha ya asubuhi, asubuhi yenyewe, na ukungu umelala mabondeni. Milima ya mbele ilikuwa na mawe na nyasi. Ya nyuma yake ilikuwa ya bluu. Ya nyuma zaidi ilikuwa hafifu hivyo hivyo kama inavyokuwa ukitazama upande wa Geita mvua ikiwa imetoka kunyesha, hujui kama ni mlima au ni wingu. Masanja akageuza ndege, na mwanga wa jua ukatembea juu ya bawa, ukafika mwisho wa bawa, ukadondoka. Hakuna kilichokwama. Kwikwi imeisha. Tukatokea juu ya maji nami nikajikuta nimeshika mdomo.

Mimi ni mtu mzima mwenye mtoto na biashara. Nimesimama nyuma ya kiti nikilia kwa sababu ya maji yasiyokuwepo.

Mwanga wa dirishani ulikuwa unapiga kwenye skrini. Masanja akaiacha ndege iende yenyewe, akanyoosha mkono, akavuta pazia mpaka mwisho. Chumba kikawa giza. Nilishtuka. Tangu atolewe kwenye duara, mlango wa chumba chetu unalala wazi na taa inalala inawaka. Hatujawahi kulizungumzia hilo, linafanyika tu. Na sasa amelivuta giza mwenyewe, kwa mkono wake, ili aone vizuri zaidi.

Akawa anaruka. Kisha akaanza kuzungumza, macho hayatoki kwenye skrini.

"Kule chini giza halikuwa na umbali," akasema. "Nilikuwa sijui ukuta uko puani au uko mbali. Nanyoosha mkono, naogopa kugusa. Naogopa pia kutogusa."

Niliogopa hata kuhama mguu.

"Kulikuwa na mtu juu anaita. Siyo jina langu, hakuwa anajua ni nani amebaki. Alikuwa anaita tu, 'Uliye huko, piga jiwe.' Napiga. Ananyamaza kidogo, anaita tena, kwa karibu zaidi. Kwa sauti yake nikawa najua juu ni wapi."

Akaanza kutua. Ndege ilikuwa na kivuli, na kivuli kilikuwa kinakimbia juu ya nyasi, kidogo kama inzi. Kadiri tulivyoshuka kilikua, kikasogea, kikawa na mabawa. Mtu hahitaji kuambiwa imebaki kiasi gani, anakiona kivuli kinakuja kumpokea. Magurudumu yakagusa. Mikono ya Masanja ilibaki pale pale kwenye kibodi.

"Ni Luhende," akasema. "Aliyekuwa anaita. Yuko Masumbwe sasa, aliacha uchimbaji, nasikia analima mpunga. Sijawahi kwenda kumsalimia."

Nikamwambia sijui kama nimewahi kulisikia jina hilo.

"Hujawahi. Nataka unipeleke."

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Sasa yuko jikoni, nasikia anasonga ugali. Herufi kwenye skrini ni zile zile zenye ukungu, na kesho macho yataniuma kama kawaida. Sijutii, ingawa kesho saa nne huenda nikajuta kidogo. Barabara ya Masumbwe ni matope mwezi huu, sijui ni gari gani litampakia mtu wa magongo bila kumtikisa mgongo. Nitaulizia stendi mapema, tutakwenda Jumamosi.

Linalonisumbua ni jingine. Tutafika, tutakaribishwa kiti, tutapewa maji. Masanja na Luhende watasalimiana kwa namna yao. Halafu yule bwana atanigeukia mimi.

Nitamwambia nini mtu aliyemtoa mume wangu ardhini?