Bei Ambayo Hukuwatajia Wageni

Podgorica, Jumapili

Dada yangu Stanija,

Pokea salamu zangu nyingi, nawe unipe hali zako. Goti linaendeleaje? Mwanao Neda aliniambia kwenye simu kwamba bado linakusumbua ukipanda kule malishoni, na kwamba daktari akikuambia upumzike unamcheka usoni. Huyo Neda naye, masomo ya uuguzi yanakwendaje? Natumaini kondoo wote wameteremka salama kabla ya theluji. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa. Nimejaribu kukueleza kwa simu mara kadhaa, lakini kila nikianza unaniuliza kama nimekula, basi maneno yote yananikauka. Ndiyo maana naandika. Tafadhali soma ukiwa umekaa.

Unakumbuka nilivyojigamba nilipochaguliwa kwenye mafunzo ya watumishi wa serikali, yale ya kutuandaa kukaa meza moja na wakubwa wa Umoja wa Ulaya kabla nchi yetu haijaingia. Mwalimu wetu ni Bi Tiiu, Mwestonia, mwembamba, si mtu wa kuchekacheka. Siku ya kwanza aliandika ubaoni maneno “hakuna shida”, akayapiga mstari mwekundu. Alisema hayo tunayoyatamka toka asubuhi mpaka jioni ndiyo yatakayotumaliza. Mbele ya watu hawa, alisema, itaje shida yako kwa jina lake, kisha omba muda wa kujirekebisha au ruhusa maalumu. Usipoomba watadhani huna haja. Senka, mwenzangu wa ofisini, akamwambia kwamba hapa kwetu hata aliyevunjika mguu husema hakuna shida. Bi Tiiu akamjibu kuwa basi wataandika kwamba anatembea. Darasa zima lilivunjika mbavu.

Na mimi nilikuwa hodari, dada, nisikufiche. Kwenye mazoezi niliombea muda madampo ya taka, nikaombea machinjio ya wilaya, nikasifiwa. Kitu kimoja tu sikukiombea, nacho ni jibini lako la ngozi, lile unalolishindilia ndani ya ngozi ya kondoo likomae. Siku moja nilikuwa nimekwenda nalo kazini kwa chakula cha mchana. Senka akafungua dirisha, akauliza ni nani aliyevua viatu. Wote wakacheka, nami nikacheka kuliko wao, halafu nikalitupa pipani. Ndiyo, jibini ulilonifungia kwa mikono yako. Toka siku hiyo nikiulizwa kwetu wanatengeneza nini, nasema asali.

Kisha, mwezi wa tisa, wageni wa Umoja wakataka kuona wafugaji wa milimani, nami nikapewa kazi ya kuwapeleka na kuwatafsiria. Nilitaka kuwapeleka kwingine. Mkuu wangu akasema, si una dada huko? Na wewe, mungu wangu, ulivyotupokea! Vitumbua vya moto na asali, rakija, ile pombe yetu kali ya plamu, sahani nyeupe ya marehemu mama, na juu yake jibini ulilolikata kwenye ngozi mbele ya macho yao. Bwana Duarte, yule Mreno mkubwa wao, alikula mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Kisha akauliza kama unaliuza. Ukanyoosha mgongo ukasema unaliuza soko la Nikšić kila Jumamosi, watu wanapanga foleni, na ndilo linalomsomesha Neda. Ukaniambia nisisahau kumwambia kwamba mama pia aliliuza, na bibi kabla yake.

Dada, sikumwambia hayo.

Ile ngozi ilikuwa imening'inia mlangoni na manyoya yake yamechungulia pembeni. Nilimwona akiitazama, uso ukaniwaka moto. Nikamwambia unatengeneza kidogo tu, kwa ajili ya nyumbani na wageni, na kwamba siku hizi hakuna anayeliuza. Wewe ulikuwa umesimama pale unatabasamu, unaitikia kwa kichwa kila neno la uongo wangu, ukiamini ni lako.

Akatoa pochi anunue kipande. Ukamsukuma mkono karibu ugombane naye, maana mgeni hatajiwi bei nyumbani kwetu, ukamfungia pande zima kwenye kitambaa, bure. Yeye akanitazama akaitikia kwa kichwa, ameridhika: kweli, haliuzwi. Neno moja tu lingetosha kumweleza kuwa hiyo ni desturi. Nilikaa kimya, na adabu yako ikawa ushahidi dhidi yako.

Ripoti yao imetoka. Vyakula vya kienyeji vilivyoombewa ruhusa maalumu vimeorodheshwa, na jibini la ngozi halimo, kwa kuwa hakuna anayeishi kwa kuliuza. Bila ruhusa hiyo, sheria za Umoja zinakataza kuuza jibini la kwenye ngozi; ikipitishwa hivyo, kuanzia masika utafukuzwa sokoni. Bi Tiiu aliisoma, akaniita, akaniuliza waziwazi kama nina hakika hakuna mtu huko milimani atakayeumia. Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu hakuna shida.

Sijalala vizuri toka hapo. Ijumaa nilirudi kwake nikamweleza yote, na ya pipani pia. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema maneno yangu sasa hayana uzito tena, lakini Alhamisi wageni wanakutana hapa mjini kwa mara ya mwisho, na muuzaji mwenyewe akija kusema, wanaruhusiwa kumsikiliza. Mkuu wangu nimemwambia pia. Kazi huenda nimeshaipoteza, na hilo lisikuumize kichwa, nimejitakia.

Nakuomba uje. Tikiti ya basi imo humu ndani. Ukitaka kunizaba kofi, nitakuwa stendi nakungoja, nizabe mbele ya watu. Ukitaka kupita bila kunisemesha, Senka atakupeleka. Yeye ndiye atakayekutafsiria, na ameapa kulitaja kila neno lako, hata litakalonihusu. Njoo na jibini, njoo na ngozi yenyewe, na manyoya yake. Bwana Duarte atakuwepo, na atakuuliza tena. Siku hiyo asiwe mgeni wako, dada. Usimkatie, usimfungie kwenye kitambaa. Akitoa pochi, mtajie bei, na upokee hela yake mbele ya wote.

Nisalimie Neda, wala usimfiche barua hii. Wasalimie majirani wote wa malishoni, hasa wanaouza pamoja nawe. Mungu akupe nguvu ya goti, akupe na moyo wa kunivumilia.

Ni mimi mdogo wako, niliyesomeshwa kwa jibini hilo hilo,

Miloje